Mwongozo kamili: Kupasua pingili kubwa za mkaratusi kwa shoka, kabari na chensoo

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa kuni. Shoka limenasa katikati ya pingili na halitoki. Mpini umevunjika siku ya kwanza. Chensoo inafuka moshi na kuunguruma lakini haijafika hata robo ya kipande. Anayelalamika huwa na nguvu za kutosha. Amepiga pingili mahali ambapo haipasuki, au ameishika kwa chombo kisicho chake.

Mwongozo huu unahusu mkaratusi wenye kipenyo cha sentimita 40 hadi 90, ule unaoshushwa kwenye jiko la shule, kwenye kiwanda cha chai au nyuma ya nyumba huko Mufindi, Njombe, Limuru na Kericho. Muwati na mgrevilea hufuata taratibu hizo hizo, ila hupasuka kwa urahisi zaidi. Pingili hapa ni kile kipande cha gogo kilichokatwa pande zote mbili, tayari kupasuliwa.

Kanuni tunayoifuata ni hii: shoka na kabari kwa kila pingili inayokubali, chensoo kwa zile zinazokataa tu. Na hata hizo, chensoo ikate theluthi mbili, kabari imalize.

## Vifaa

Kwa kazi ya mkono:

- Shoka la kupasulia lenye kichwa cha kilo 2 hadi 2.5, mashavu manene, na mpini wa sentimita 80 hadi 90. Shoka la kienyeji, lile ambalo ubapa wake umechomekwa kwenye mpini wenye kichwa kinene, ni zuri kwa matawi na miti midogo. Kwenye pingili kubwa ubapa wake mwembamba huzama na kubaki humo humo.
- Kabari 2 za chuma, kama kilo 2 kila moja. Usianze na moja. Ya kwanza ikizama bila kupasua, ya pili ndiyo itakayoitoa.
- Nyundo kubwa ya ratili 8 hadi 10, yaani kilo 3.6 hadi 4.5.
- Mtaimbo wa kuviringishia pingili.
- Kigogo cha kuchanjia chenye kimo cha sentimita 25 hadi 35, kipana, kilichokaa imara.
- Tupa bapa na jiwe la kunolea.
- Miwani ya kinga na viatu vigumu. Ndala hapana.

Kwa chensoo, ongeza:

- Mashine ya cc 50 kwenda juu. Cc 60 hadi 70 ndiyo inayofanya kazi hii bila kuteseka. Bapa linaloshika mnyororo liwe la sentimita 45 hadi 50.
- Tupa ya duara inayolingana na mnyororo wako. Mnyororo wa hatua (nafasi kati ya viungo vyake) ya inchi .325 hutumia tupa ya milimita 4.8. Wa 3/8 wa mashine kubwa hutumia ya 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji, na ule mwembamba wa 3/8 wa mashine ndogo hutumia ya 4.0.
- Petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mchanganyiko, na oili ya mnyororo kwenye chombo chake.
- Kabari 2 za plastiki au za mbao ngumu. Chuma hakikai karibu na mnyororo unaozunguka.
- Kofia yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, glavu, buti zenye chuma vidoleni, na suruali ya kinga yenye nyuzi zinazousimamisha mnyororo. Sauti ya chensoo huzidi desibeli 100, na masikio huanza kuumia taratibu kuanzia 85.

Kanga ya kujifunga, mtandio na shati lisilofungwa vifungo vibaki nyumbani. Hilo ni kwa anayeshika mashine na kwa anayemsaidia.

Jambo moja kabla ya yote: mti wenyewe uwe halali. Tanzania ulizia kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Kenya kwenye ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS), kabla ya kukata na tena kabla ya kusafirisha. Gari la kuni lililokamatwa njiani ni gharama kuliko kazi yote iliyoelezwa hapa.

## Hatua ya 1: Kata pingili fupi

Katakata gogo kwa urefu wa sentimita 35 hadi 40. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi mapema, kwa kukata vipande vya sentimita 60 au 70 ili wapunguze mikato.

Kadiri pingili inavyokuwa ndefu ndivyo ufa unavyolazimika kusafiri mbali, na ndivyo nyuzi zilizojipinda zinavyoushika njiani. Mkaratusi ambao nyuzi zake huzunguka kidogo kidogo kulifuata shina huweza kupasuka vizuri kwa sentimita 35 na kugoma kabisa kwa 60.

Uzito nao uufikirie. Mkaratusi mbichi hukaribia uzito wa maji na mara nyingine huuzidi. Pingili ya kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa 40 ina takriban kilo 110 hadi 120. Ya kipenyo cha 80 hukaribia kilo 200. Hizo haziinuliwi. Huviringishwa kwa mtaimbo, na zile kubwa zaidi hupasuliwa pale pale zilipoanguka.

Dalili ya mafanikio: pingili inasimama yenyewe bila kuyumba. Ikiwa imekatwa upande, itapepesuka kila ukipiga na nguvu yako nusu itaishia ardhini.

## Hatua ya 2: Isome pingili kabla ya kuigusa

Dakika moja ya kutazama huokoa nusu saa ya kupiga. Ifute pingili vumbi, inama, uangalie mambo manne.

Nyufa. Mkaratusi hukua ukiwa umejikaza ndani kwa ndani, na ukikatwa ule mkazo huachia. Ndiyo maana saa chache baada ya kukatwa utaona nyufa zimetokea kwenye uso, zikianzia kwenye kiini na kuelekea kwenye gome. Nyufa hizo ni ramani. Ufa mrefu kuliko wote ndio mstari wako wa kwanza. Ukipiga kuukatiza, unapigana na pingili ambayo tayari imekuonyesha inapotaka kufunguka.

Mafundo. Zungusha macho pembeni, kwenye gome. Penye uvimbe au kovu la tawi, ndani kuna fundo linaloelekea kwenye kiini. Mstari wa kupasua upite mbali nalo. Isipowezekana, geuza pingili ili fundo liwe chini, karibu na ardhi, na uanzie upande wa juu ambako nyuzi zimenyooka.

Mzunguko wa nyuzi. Bandua gome kidogo utazame mistari ya mti. Ikishuka wima, vizuri. Ikilala kama ngazi, ufa utaufuata mlalo huo na kila kipande kitatoka kimepinda. Mlalo mdogo unavumilika. Mlalo ambao kutoka juu hadi chini umesogea zaidi ya upana wa kiganja ni kazi ya chensoo.

Chuma. Mti uliokuwa kwenye uzio au karibu na nyumba huenda umemeza msumari au seng'enge. Ishara ni doa la bluu lililokaribia weusi kwenye uso uliokatwa, mara nyingi likiwa na mkia unaofuata nyuzi. Penye doa hilo chensoo haipiti. Shoka litapata pengo. Mnyororo unaweza kukatika.

Baada ya kutazama, zigawe pingili mafungu matatu.

Fungu la shoka: kipenyo chini ya sentimita 50, nyuzi zilizonyooka, mafundo machache.

Fungu la kabari: sentimita 50 kwenda juu, lakini zilizonyooka na zenye nyufa zinazoonekana.

Fungu la chensoo: zenye panda, mafundo mengi, nyuzi zilizopinda sana, na zile zilizokauka miezi mingi zikiwa nzima. Mkaratusi uliokaukia kwenye pingili huwa mgumu kiasi cha kuirusha kabari nje. Kwa hiyo pasua ukiwa mbichi, wiki za mwanzo baada ya kuangushwa, kisha ukaushe vipande. Anayesubiri pingili ikauke ndipo apasue amejiongezea kazi, na kuni zenyewe zitachelewa kukauka, kwa sababu gome na unene huzuia maji kutoka.

## Hatua ya 3: Andaa shoka

Shoka la kupasulia halihitaji ukali wa wembe, ila lisiwe butu kama nyundo. Piga tupa pande zote mbili mpaka makali yawe mstari mmoja usio na mapengo, kisha pitisha jiwe. Makali membamba mno hunasa na kuvunjika pembe.

Kagua kichwa. Shika mpini, kichwa kikiwa juu, ugonge kitako cha mpini kwenye kigogo. Kichwa kikicheza hata kidogo, usiendelee. Kaza kwa kabari ndogo ya mti mkavu kwenye tundu. Kuloweka shoka kwenye ndoo usiku kucha ni dawa ya siku moja. Mti huvimba, kesho unasinyaa kuliko mwanzo, na kichwa kinaruka.

Mpini wa mpera uliokauka vizuri hudumu. Angalia nyuzi zake ziende sambamba na urefu wa mpini. Zikikatiza, utavunjika hapo hapo zinapotokea nje.

Onyo ambalo linapuuzwa kila siku: usipige mgongo wa shoka kwa nyundo, wala usilitumie shoka kama nyundo ya kupigia kabari. Tundu la shoka lina kuta nyembamba. Hupanuka, hupasuka, na chuma kwa chuma hurusha vipande vidogo vinavyoingia jichoni. Ikihitajika kabari, tumia kabari.

## Hatua ya 4: Pasua kwa shoka kuanzia pembeni

Weka pingili kwenye kigogo, upande wa mbali na wewe, ili shoka likikosa litue kwenye kigogo na lisifike kwenye miguu yako. Panua miguu kwa upana wa mabega. Nyoosha mikono ukigusisha makali mahali unapotaka kupiga. Huo ndio umbali wako. Mtu mwingine asisogee ndani ya mita 3.

1. Kwa pingili ya chini ya sentimita 30, piga kwenye ufa, karibu na ukingo ulio upande wako. Ukilenga ukingo wa mbali, siku utakapopitiliza mpini ndio utakaogonga mti. Mipini mingi huvunjika hivyo.

2. Kwa pingili ya sentimita 30 hadi 50, achana na katikati. Anza kubandua vipande vya pembeni, unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiizunguka pingili yote. Pale pembeni ufa una safari fupi na mti hauna kitu cha kuushikilia upande wa nje, ndiyo maana kipande hutoka kwa pigo moja au mawili ilhali katikati pangekula mapigo kumi. Ukimaliza mzunguko, kiini kilichobaki ni pingili ndogo, nacho hupasuka kawaida.

3. Inua shoka juu ya kichwa, mkono mmoja ukiwa karibu na kichwa cha shoka. Linaposhuka, mkono huo uteleze kwenye mpini mpaka ukutane na mwenzake. Acha uzito ushuke wenyewe.

4. Shoka linapokaribia mti, kunja magoti. Hilo hufanya makali yashuke wima. Ukisimama wima shoka hufuata duara, na mwisho wa duara hilo ni muundi wako.

Likinasa, usilitikise kulia na kushoto, maana hapo ndipo mpini unapovunjika shingoni. Gonga mwisho wa mpini kwa kiganja kuelekea chini, kisha uuinue, mara kadhaa, mpaka liachie.

Mafanikio unayasikia kabla ya kuyaona. Pigo lililopata mahali pake hutoa mlio mkavu, na ufa hukimbia mpaka chini. Mlio mzito uliozimika maana yake umepiga fundo, au mstari si wake. Mapigo matatu ya mlio huo mahali pamoja yanatosha. Geuza pingili au uihamishie fungu la kabari.

## Hatua ya 5: Fungua pingili pana kwa kabari

Kwanza kagua vichwa vya kabari. Kabari iliyopigwa muda mrefu huota ukingo uliochanua na kupinda nje. Ukingo huo huruka kama risasi. Usage kwa tupa au mashine mpaka kichwa kiwe na bega safi.

Pingili isimame wima chini, juu ya ubao au kipande bapa ili kabari ikitokeza chini isizame kwenye udongo.

1. Tia alama kwa shoka kwenye ufa mrefu kuliko wote, theluthi moja ya njia kutoka kwenye gome kwenda kwenye kiini. Pigo moja la wastani linatosha. Lengo ni kijishimo cha kushikia ncha.

2. Simamisha kabari ya kwanza hapo. Igonge taratibu kwa mapigo mafupi mpaka isimame yenyewe, ndipo utoe mkono na kupiga kwa nguvu.

3. Sikiliza. Kila pigo mlio hupanda. Kisha ghafla hushuka na unasikia nyuzi zikikatika. Hapo acha kupiga kwa muda. Ufa wa mkaratusi huendelea kutembea wenyewe, na subira ya nusu dakika mara nyingi hukupunguzia mapigo kadhaa.

4. Chomeka kabari ya pili kwenye ufa uliofunguka, mbele zaidi kuelekea upande wa pili. Ikizama, ya kwanza italegea. Ichukue, uitangulize tena.

5. Nusu mbili zikitengana lakini zikashikwa na nyuzi chache, zikate nyuzi hizo kwa shoka. Usiingize vidole kwenye ufa ambao bado una kabari ndani: ikitoka, ufa hujifunga.

Kwenye mti uliokauka kabari huruka nje kila ikipigwa. Hapo chensoo husaidia bila kukata pingili nzima: chora mfereji wa kina cha sentimita 3 hadi 5 kwenye uso, juu ya ufa, zima mashine, uchomeke kabari ndani ya mfereji huo. Itashika.

Kabari zote mbili zikizama mpaka vichwa na pingili haijafunguka, hiyo ni pingili ya chensoo. Lakini kabari haziondoki humo kwa kukata karibu nazo. Igeuze pingili juu chini, uzipige zitoke upande wa pili, au bandua vipande vya pembeni mpaka uzifikie.

## Hatua ya 6: Andaa chensoo kwa kazi hii hasa

Kukata pingili kwa kufuata nyuzi kunailemea mashine kuliko kukata gogo kwa kulikatiza. Kasoro ambayo hukuiona ulipokuwa ukikata matawi itajitokeza hapa.

Mafuta. Oili nzuri ya injini za mchanganyiko huchanganywa mililita 20 kwa lita 1 ya petroli, yaani 100 kwa lita 5. Oili ya kawaida ambayo chupa yake inasema 1 kwa 25, weka mililita 40 kwa lita. Petroli tupu huua pistoni kwa dakika chache, na kazi hii ya resi kubwa huharakisha kifo hicho.

Oili ya mnyororo. Jaza kila unapojaza petroli. Oili chafu ya gari ina vumbi la chuma linalokula pampu na bapa, na humwagika shambani kwako, weka safi. Kupima kama inafika, elekeza ncha ya bapa kwenye boksi jeupe, umbali wa kiganja, upige resi. Ndani ya sekunde chache utaona mstari wa matone. Usipouona, safisha tundu la oili kabla ya kukata.

Mnyororo. Uvute kwa mkono wenye glavu, mashine ikiwa imezimwa. Uwe umelala vizuri chini ya bapa na bado uteleze kwa mkono. Uliolegea hutoka kwenye bapa; uliokazwa mno hupata moto.

Meno. Piga kila jino tupa mara 3 hadi 5, kutoka ndani kwenda nje, kwa kufuata mstari wa pembe ya digrii 30 uliochorwa juu ya jino, na idadi sawa kulia na kushoto. Idadi zikitofautiana mkato utapinda. Kile kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Ukikipunguza zaidi ili “ikate haraka”, mashine itaruka na kukugonga mikono.

Kuna minyororo maalumu ya kuchania mbao, yenye meno ya digrii 10 hivi. Kwa pingili chache si lazima. Mnyororo wa kawaida uliopigwa tupa vizuri unatosha.

Kuwasha. Mashine chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu wa kulia ukikanyaga kwenye kishikio cha nyuma, mkono wa kushoto umeshika cha mbele. Kuwasha huku ukiiangusha hewani kumeacha watu na makovu ya mapaja.

## Hatua ya 7: Laza pingili, kata kwa kufuata nyuzi

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Wengi huiacha pingili imesimama na kushuka nayo kutoka juu, wakikata ncha za nyuzi. Mnyororo unatoa unga mwembamba, injini inapata moto, na baada ya pingili mbili meno yameisha.

Ilaze. Gome liangalie juu, nyuzi zilale sambamba na ardhi, na bapa lilale kwa kufuata nyuzi hizo hizo. Mnyororo hautakata ncha. Utachana nyuzi ndefu kama tambi, na mkato utashuka kwa kasi inayoshangaza mtu aliyezoea ule mwingine.

1. Laza pingili juu ya vipande viwili vyembamba vya kuni, ili kuwe na nafasi chini. Mnyororo ukigusa udongo mara moja tu, umeshakuwa butu.

2. Zuia kila upande kwa kipande cha kuni kilichokatwa kama kabari. Isukume kwa mguu kabla ya kuwasha mashine. Ikicheza, zuia upya.

3. Ondoa gome lenye matope mahali mkato utakapopita. Mchanga uliokaukia kwenye gome ni tupa inayofanya kazi upande usiotakiwa.

4. Simama kando kidogo ya mstari wa mkato, miguu imepanuka, mikono yote miwili kwenye vishikio, dole gumba la kushoto likizunguka kishikio cha mbele. Msaidizi awe umbali wa mita 5, na asiishike pingili kwa mkono wala mguu.

5. Piga resi kamili kabla ya kugusa mti. Shusha bapa kwenye gome, kupitia mstari wa kiini. Inamisha ncha kidogo, digrii 10 hadi 20, usilaze bapa sambamba kabisa. Mwinamo huo hufupisha zile tambi zisizibe mfuniko wa klachi.

6. Usisukume. Mnyororo mkali hujivuta wenyewe. Ukijikuta unaegemea, zima upige tupa.

7. Tambi zikianza kujikusanya pale mnyororo unapoingia kwenye mashine, utasikia resi inashuka. Toa mashine, zima, funga breki, uzichomoe kwa kijiti. Usizichomoe mashine ikiwa inaunguruma, hata kama mnyororo umesimama.

8. Mkato ukifika nusu, mashine ikiwa imezimwa, chomeka kabari ya plastiki juu, nyuma ya bapa, ili mkato usijifunge. Kisha endelea.

9. Simama theluthi mbili ya njia. Kwa kipenyo cha sentimita 60 hiyo ni sentimita 40 hivi.

Sababu ya kusimama hapo ni tatu. Sehemu ya chini ndiyo iliyo karibu na udongo. Ndipo pingili inapoanza kukaa na kulibana bapa. Na nyuzi zilizobaki ni chache kiasi kwamba kabari huzimaliza kwa mapigo machache, bila petroli.

Onyo kuu: robo ya juu ya ncha ya bapa isiguse kitu chochote. Ikigusa pingili ya jirani, chensoo hurushwa kuelekea usoni mwako kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Kwa hiyo kila pingili iwe peke yake, na nyuma yake pawe wazi.

Mafanikio: maranda ni marefu na ya rangi ya mti, mkato umenyooka, na mashine haijatoa harufu ya kuungua.

## Hatua ya 8: Maliza kwa kabari, kisha urudi kwenye shoka

Zima chensoo, iweke kando. Toa kabari ya plastiki, weka ya chuma kwenye mkato, piga nyundo. Pingili itafunguka.

Nusu inayopatikana ilaze kwa upande wake bapa, gome juu. Haitaviringika tena. Ikiwa na panda au mafundo, ikate tena kwa njia ile ile upate robo. Isipokuwa nayo, isimamishe na uimalize kwa shoka, ukianza kubandua pale penye pembe.

Panda ina utaratibu wake. Kwenye uso wake utaona viini viwili. Mstari upite juu ya viini vyote viwili. Ukipita katikati yake kuvitenganisha, unakutana na nyuzi zilizosukana, ambazo ndizo ngumu kuliko zote kwenye mti.

Kwa jiko banifu la shule, vipande vya unene wa sentimita 5 hadi 8 huwaka vizuri. Jiko la mafiga linavumilia zaidi. Usifanye vyembamba sana. Huisha haraka na mpishi hukaa mlangoni mwa jiko akilisha.

## Hatua ya 9: Panga

Weka miti miwili au mawe chini, kuni zisiguse ardhi. Panga mstari mmoja mmoja, upepo upite kati. Funika juu tu kwa bati; turubai lililofunika mpaka chini hufungia unyevu na kuleta ukungu. Kwa vipande vya unene uliotajwa, tenga miezi 3 hadi 6 kulingana na mvua na baridi ya mahali ulipo. Lengo ni unyevu wa asilimia 20 au chini yake.

Kipande kilichokauka kina nyufa ndogo kwenye ncha, gome linabanduka kwa kidole, na viwili vikigonganishwa hulia kwa mlio mkavu. Kikilia mlio mzito, kirudishe kwenye rundo.

## Kazi ikigoma, angalia hapa

Chensoo inakata kwa kupinda upande mmoja. Meno ya upande mmoja ni mafupi au butu, au kingo za bapa zimelika bila usawa. Piga tupa upya. Bapa ligeuzwe juu chini kila unapobadilisha mnyororo.

Moshi unatoka kwenye mkato. Mnyororo butu, au oili haifiki. Usiendelee hata kidogo. Bapa likipata rangi ya bluu limeshaharibika.

Mashine inazima ikishika kazi. Kagua kichujio cha hewa kwanza. Maranda ya kazi hii huziba haraka, na kichujio kilichoziba hufanana kabisa na kabureta mbovu. Watu wamepeleka mashine kwa fundi kwa sababu ya vumbi la kijiko kimoja.

Bapa limebanwa. Zima mashine kabla ya kitu kingine chochote. Piga kabari ya plastiki au ya mbao kwenye mkato, juu, mpaka ufunguke, kisha litoe kwa kulivuta moja kwa moja. Usilinyonge.

Shoka linaruka juu badala ya kuingia. Mti umekauka sana au makali ni butu. Hamia pembeni kabisa, bandua vipande vya sentimita 4 au 5, au chora mfereji kwa chensoo na utumie kabari.

Vipande vinatoka vimepinda kama rula iliyosokotwa. Nyuzi za mti huo zinazunguka. Pingili zilizobaki za shina hilo zikate fupi zaidi, sentimita 30, kabla hujazigusa kwa shoka.